Picha ya Mwalimu na Kiti Kilichobaki Wazi

Desemba ikiingia Tarime, barabara hubadilika sauti. Makundi ya watu hushuka kutoka vilimani wakiimba, vijana wamejipaka unga usoni, wengine wameshika marungu na matawi mabichi. Katikati yao anatembea mtoto wa kike, polepole mno, amezungushiwa khanga mpya, noti zimebanwa kwa pini kifuani pake. Juu ya kichwa chake mwavuli umefunguliwa, hata kama hakuna jua wala mvua. Hatua zake ni fupi kwa sababu asubuhi ile ile amekeketwa. Nilipokuwa mdogo nilidhani mwavuli ule ni heshima, na waliomshikia walikuwa kweli wanamheshimu kwa namna waliyofunzwa na wazazi wao. Hilo ndilo lililonichukua miaka mingi kulielewa: kwamba mtu anaweza kuheshimiwa na kuumizwa kwa mkono uleule, saa ileile.

Darasani kwetu, mkono wangu wa kushoto, alikaa msichana mwepesi wa hesabu kuliko sisi sote. Januari shule ilipofunguliwa hakurudi. Mwalimu wa darasa aliita jina lake siku tatu mfululizo. Siku ya nne akaliruka. Tukasikia ameolewa ng'ambo ya Mto Mara, na ng'ombe wameshaingia zizini kwa baba yake. Juu ya ubao ilikuwapo picha ya Mwalimu Nyerere, ile ya tabasamu dogo, kioo chake kimepasuka pembeni. Picha ile ilikitazama kiti kile moja kwa moja.

Nampenda Nyerere. Naliandika hili mapema ili msomaji asitafute chuki ambayo haimo. Kwetu, mkoani Mara, yeye ni mtu wa nyumbani kabla ya kuwa Baba wa Taifa: Butiama kwao ni mwendo wa saa chache tu kutoka Tarime mjini au Mugumu, na mkewe, Mama Maria, alizaliwa Baraki, kijiji kilichokuwa ndani ya Wilaya ya Tarime kabla Wilaya ya Rorya haijamegwa. Lakini nimeanza kujiuliza namna ya kumsifu. Kila jamii iliyopata mkombozi imelazimika kuamua itamkumbuka vipi, na ukitazama kwa makini jinsi inavyomkumbuka, utaona pia nani alisahaulika.

Tuanzie mbali. Tarehe 14 Aprili 1876, miaka 11 kamili tangu Rais Abraham Lincoln wa Marekani apigwe risasi, watu walikusanyika katika bustani moja mjini Washington kufunua sanamu yake. Fedha zilitoka kwa watu weusi waliokuwa watumwa. Dola tano za kwanza alizitoa Charlotte Scott, mwanamke wa Virginia, kutoka katika malipo yake ya kwanza akiwa huru. Sanamu yenyewe inamwonyesha Lincoln amesimama, mkono mmoja umenyooshwa, na miguuni pake mtu mweusi amepiga goti, pingu zimekatika. Rais Grant alikuwepo, na majaji, na maseneta. Msemaji mkuu alikuwa Frederick Douglass.

Douglass alizaliwa mtumwa Maryland mwaka 1818, akatoroka mwaka 1838, akaja kuwa sauti kubwa kuliko zote dhidi ya utumwa katika nchi yake. Siku ile angeweza kumwaga sifa tupu, maana ndizo zilizotarajiwa. Badala yake alisimama mbele ya rais aliye hai akasema waziwazi kwamba Lincoln alikuwa kwanza rais wa watu weupe, na kwamba watu weusi walikuwa kwake kama watoto wa kambo. Akaeleza kwamba ukimtazama kutoka upande wa waliotaka utumwa ufe mara moja, Lincoln alikuwa mzito na baridi; ukimtazama kutoka upande wa nchi aliyoiongoza, alikuwa mwepesi na mwenye ari. Kisha akamsifu, na sifa ile ina uzito hadi leo kwa sababu ilipita kwanza kwenye ukweli. Siku chache baadaye aliliandikia gazeti kwamba angependa kabla hajafa aone sanamu ya mtu mweusi ambaye hakupiga goti, amesimama kwa miguu yake kama binadamu.

Nimesoma mambo mengi juu ya kuwasifu mashujaa, na sijakutana na somo lililo bora kuliko hilo.

Sasa tuje Unguja. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwezi Juni 1873, Sultani Barghash alipobanwa na Waingereza akatia saini mkataba. Mwishoni mwa mwaka uleule msingi wa kanisa la Anglikana ukawekwa papo hapo, na Askofu Edward Steere, mtu aliyeitumikia sana lugha yetu ya Kiswahili, akalikamilisha na amezikwa ndani yake. Kuna msalaba uliochongwa kutoka katika mti wa Chitambo, mahali ulipozikwa moyo wa Livingstone, mmisionari aliyeupinga utumwa. Kwa zaidi ya karne moja jengo lile liliwakumbuka wakombozi. Ni mwaka 1998 tu ambapo msanii Clara Sörnäs alichonga nje ya kanisa watu watano, wamesimama ndani ya shimo, minyororo shingoni. Hapana mkombozi pale. Mgeni husimama ukingoni akiinamisha kichwa kuwatazama, na yeye mwenyewe huona aibu ya kuwa juu yao.

Lakini kuna habari ya Zanzibar ambayo haiko katika sanamu yoyote, na ndiyo iliyonifanya niandike makala hii. Kufungwa kwa soko hakukuwa mwisho wa utumwa. Hali ya utumwa kisheria iliondolewa mwaka 1897, na hata hapo mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kudai uhuru wake. Kundi moja halikupewa haki hiyo sawa na wengine: masuria. Ilisemwa kwamba wao ni kama wake wa watu, mambo yao ni ya ndani ya nyumba, na serikali haiingii chumbani kwa mtu. Wakasubiri hadi mwaka 1909. Miaka 12 mizima mwanamume aliyebeba karafuu aliweza kuwa huru, na mwanamke wa nyumba hiyohiyo hakuweza kwa njia hiyo, kwa kuwa utumwa wake ulikuwa umepewa jina la ndoa.

Marekani nako uhuru uliwaacha wanawake nyuma. Mabadiliko ya katiba ya mwaka 1870 yaliwapa wanaume weusi haki ya kura, wanawake wa rangi zote wakaambiwa wangoje. Douglass, ambaye mwaka 1848 alikuwa Seneca Falls akiitetea kura ya wanawake wakati hata baadhi ya wanawake waliona wanadai makubwa mno, safari hii alikubali wangoje. Alikuwa na sababu: watu wake walikuwa wanauawa Kusini, na kura ilikuwa ngao. Hata hivyo marafiki zake wa miaka mingi waliachana naye kwa uchungu. Wanawake walingoja hadi 1920. Siku aliyokufa, tarehe 20 Februari 1895, Douglass alikuwa ametoka kwenye mkutano wa Baraza la Taifa la Wanawake. Alirudi mlangoni pale alipokuwa amewaacha, na kifo kikamkuta ametoka huko.

Nikisoma hayo nikiwa mtu wa Tarime, siwezi kujifanya ninasoma mambo ya ugenini.

Sisi tuna sifa moja tunayojivunia, na tuna haki ya kujivunia. Wakurya hawakuwa na watemi. Machifu tuliletewa na Wajerumani, kisha na Waingereza, kwa sababu serikali ya kigeni haijui kuzungumza na watu wasio na kichwa kimoja. Mambo yetu yaliamuliwa na inchama, wazee wa siri na mila, na katika iritongo, mkutano wa wazi ambamo mwanamume yeyote, tajiri wa ng'ombe au fukara, alisimama akasema lake. Wanyabasi, Watimbaru, Wanyamongo, Wanchari, Wakira, Waireghe: kila koo na mambo yake, na mtu wa rika moja hakumpigia mwenzake goti. Wazanaki, kabila la Nyerere, nao hawakuwa na chifu wa asili. Uchifu wa baba yake, Burito, ulikuwa zao la ukoloni. Ndiyo maana naona Nyerere alipofuta uchifu mwaka 1963 alikuwa anafanya jambo la Kimara hasa, ingawa yeye mwenyewe alikuwa mtoto wa chifu.

Tena utumwa haukuwa hadithi ya pwani peke yake. Katika nchi ambayo leo ni Wilaya ya Serengeti, wazee wa Wangoreme, Waikoma na Wanata wamepokezana masimulizi ya njaa za mwishoni mwa karne ya 19, baada ya sotoka kufyeka mifugo na magonjwa kufyeka watu. Familia zilishuka Usukuma kutafuta nafaka, na nyingine zikaacha watoto huko badala ya mtama. Hapakuwa na jahazi wala minyororo. Palikuwa na mzazi aliyedhoofika, ghala la mtu mwingine, na mtoto kati yao. Wengine walikua kule wakawa Wasukuma, wengine walikombolewa baadaye. Hesabu ya mtu kwa mtama na kwa mifugo tumeijua.

Wazee hukasirika mahari ikilinganishwa na bei, na nawaelewa. Ng'ombe wa mahari ni kamba ya undugu. Mke wa Kikurya ana heshima, ana shamba, ana jina katika nyumba yake. Kuna hata nyumba ntobhu, ambapo mwanamke asiye na mtoto wa kiume huoa mwanamke mwenzake kwa ng'ombe wake mwenyewe ili mji wake usife. Ni desturi yenye akili nyingi ndani yake. Lakini nina swali ambalo kwa adabu zote siwezi kulimeza: ikiwa mtoto ana miaka 13, amekatwa Desemba ili athibitishwe kuwa yuko tayari, na ng'ombe watakaoingia kwa ajili yake tayari wamehesabiwa kumwolea kaka yake, je, yeye anaweza kusema hapana? Kama hawezi, tofauti kati ya undugu na bei imebaki midomoni mwetu sisi wanaume. Na msichana anayekataa kukatwa anaitwa msagane, jina linalomfuata kisimani na sokoni, na ambalo wanawake wenzake ndio hulitamka kwa ukali zaidi.

Nyerere alilijua hili kabla yetu. Mama yake, Mugaya, alikuwa mke wa 5 kati ya wake 22 wa Burito. Waandishi waliochunguza ujana wake wanaeleza kwamba angali mwanafunzi, baba yake alimchumbia mtoto wa kike mdogo sana na mahari ikatolewa, kama ilivyokuwa desturi. Alikuja kumwoa Maria mwaka 1953, msichana aliyesoma akawa mwalimu. Kati ya mambo hayo mawili iko Makerere, miaka ya 1943 hadi 1945, na huko kijana huyo wa Kizanaki aliandika insha juu ya uhuru wa wanawake, akiyapima maisha ya mama zake kwa hoja za mwanafalsafa Mwingereza, John Stuart Mill.

Mill anahitaji aya yake. Kitabu chake juu ya kutawaliwa kwa wanawake kilitoka mwaka 1869, na hoja yake kubwa ni kwamba utumwa ulipokwisha katika himaya ya Uingereza, mtu pekee aliyebaki chini ya bwana kwa nguvu ya sheria ni mke ndani ya nyumba. Aliyaishi aliyoyasema: alipomwoa Harriet Taylor mwaka 1851 aliandika tamko la kukataa haki zote ambazo sheria ilimpa mume juu ya mali na mwili wa mkewe. Akiwa mbunge, tarehe 20 Mei 1867, alitaka katika muswada wa kura neno la "mwanamume" liondolewe liwekwe neno la "mtu". Alipata kura 73 dhidi ya 196. Mill huyohuyo aliitumikia Kampuni ya Uhindi ya Mashariki kwa miaka 35, na aliandika kwamba uhuru anaousifu haukuwahusu watu aliowaona bado hawajastaarabika. Kwa maneno mengine, haukutuhusu sisi. Kijana wa Butiama akachukua jembe la mtu ambaye asingemkaribisha shambani, akalima nalo shamba la mama yake. Mimi sioni utegemezi wowote hapo, naona ujasiri.

Kisha kijana akawa mtawala, na hapa lazima tumpime kama Douglass alivyompima Lincoln. Oktoba 1961, wengi ndani ya chama chake walipotaka uraia utolewe kwa kutazama rangi ya ngozi, alitishia kujiuzulu pamoja na serikali yake yote kuliko kukubali. Mwaka 1962, katika kijitabu chake cha Ujamaa, aliisifu jamii ya jadi kana kwamba usawa ulikuwa umekamilika ndani yake. Lakini Septemba 1967, katika Ujamaa Vijijini, alirudi akakiri kwamba jamii ile ilikuwa na dosari, na moja ya dosari alizozitaja ni hali ya wanawake, waliofanya kazi nyingi kuliko waume zao na kupewa heshima ndogo. Nikifika hapo kila mara hufurahi, kwa sababu nasikia mtoto wa Mugaya akimsahihisha rais.

Mwaka 1971 Bunge likapitisha Sheria ya Ndoa. Kwa wakati wake ilikuwa sheria ya kutamanisha: ilimnyima mume haki ya kumpiga mkewe, ikatambua jasho la mwanamke katika mali ya nyumba, ikataka ndoa iwe ya hiari. Na katika sheria hiyohiyo, umri wa kuoa ukawa miaka 18 kwa mvulana na miaka 15 kwa msichana, mzazi akiridhia; mahakama ikapewa uwezo wa kushusha hadi 14. Miaka 15! Aliyekuwa ameandika juu ya wanawake akiwa Makerere ndiye aliyekuwa Ikulu. Inawezekana palikuwa na mapatano na wazee, na dini, na mikoa. Lincoln naye alikuwa na mapatano na majimbo ya mpakani yaliyokuwa bado na utumwa. Siandiki haya ili kumshusha Mwalimu. Naandika kwa sababu msichana wa mkono wangu wa kushoto aliolewa chini ya sheria ile, na aliyeisaini ndiye aliyekuwa anamtazama kutoka ukutani.

Ilimchukua mwanasheria kijana, Rebeca Gyumi, kuvipeleka vifungu vile mahakamani. Julai 2016 Mahakama Kuu ikasema vinavunja Katiba, ikaipa serikali mwaka mmoja irekebishe. Serikali ikakata rufaa, mwaka ule ukapita, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikasimama na Gyumi. Alitumia hoja ya usawa wa binadamu iliyomo katika Katiba, hoja ambayo Nyerere aliifundisha taifa zima. Hivyo ndivyo ninavyotaka asifiwe: kwa kudaiwa kile alichotuahidi.

Kwetu wanaodai zaidi hawana shahada. Kuna kituo cha Masanga, Tarime, na kuna Nyumba Salama ya Mugumu, Serengeti, vinavyowapokea wasichana wanaokimbia kukeketwa. Msimu unapokaribia, wasichana hufika huko, wengine usiku, wengine wametembea kutwa nzima wakikwepa njia kuu, begi la shule mgongoni. Sheria ya mwaka 1998 iliharamisha kumkeketa aliye chini ya miaka 18, lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015 na 2016 ulikuta asilimia 32 ya wanawake wa Mara wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa. Sheria ya karatasi hushindwa na ngariba anayehamisha siku, anayehamia kijiji jirani, anayevuka Sirari kwenda upande wa Kenya. Msichana anayekimbia ndiye huifanya iwe na miguu. Anamwacha mama anayempenda, na mara nyingi mama huyo ndiye aliyeuandaa mwavuli. Sijui ni jina gani linalotosha kwa ujasiri wa namna hiyo. Najua kwamba Douglass alipotoroka alikuwa na miaka 20 na mavazi ya baharia, na hawa wana miaka 12.

Baada ya msimu huja kazi ngumu ambayo haipigwi picha. Mzazi huitwa, hukaa upande mmoja wa meza, mtoto upande mwingine, na mtu wa kituo katikati. Hutafutwa maneno ya kurudi nyumbani bila kisu. Wengine hurudi. Wengine, baba huinuka bila kuaga, na mtoto hubaki akitazama mlango.

Mwaka 1974, katika bustani ileile ya Washington, iliwekwa sanamu nyingine: Mary McLeod Bethune, binti wa watu waliokuwa watumwa, aliyeanzisha shule ya wasichana Florida mwaka 1904. Amesimama wima, na mbele yake wako mvulana na msichana anaowakabidhi urithi. Lincoln wa mwaka 1876 alikuwa ameelekea upande wa pili, mgongo ukimwelekea Bethune. Wakamgeuza, jiwe zima na mtu aliyepiga goti juu yake, ili amtazame mwalimu huyo na watoto wake.

Picha ya darasa letu haikuhitaji kugeuzwa. Tangu mwanzo ilikuwa imeelekezwa mahali panapotakiwa, juu ya ubao, ikitazama viti. Nilipita shuleni pale Januari moja si miaka mingi iliyopita, nikasimama dirishani wakati wa kuita majina. Kioo kimebadilishwa. Mwalimu alikuwa mwanamke kijana, kalamu nyekundu mkononi, na kila alipofika jina la msichana ambalo halikuitikiwa hakuliruka. Aliweka kalamu juu ya daftari, akainua uso, akauliza darasa zima yuko wapi, na akangoja.